Nilimfokea Kocha, Naye Akanisikia

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa chini ya jukwaa la uwanja wetu wa Cumaná, bisibisi mkononi, mlango wa chumba cha barafu mbele yangu. Nyuma ya mlango huo alikuwa ananisubiri Don Régulo Patiño, kocha wa timu yetu ya Papa, mtu niliyemtukana msimu mzima kwa sauti inayofika bandarini.

Kwa aliyelikosa gazeti, mkasa wangu kwa ufupi ni huu. Mimi ni Eleuterio Marcano, fundi wa majokofu, mjane, shabiki wa besiboli tangu tumboni. Nilimsifu mlinzi wetu wa kituo cha pili, kesho yake akavunjika kidole. Nilialikwa harusini, turubai likawaangukia maharusi. Nilitengeneza friji ya padri, ikawaka moto na divai ya misa ikiwa ndani.

Mji ukaniita pavoso. Mtu mwenye pava, yaani nuksi, tena nuksi ya kuambukiza. Tangu hapo watu wakiniona hugusa mbao, na asiye na mbao karibu hugusa kichwa cha mwenzake. Jina langu halitajwi tena. Mimi ni "Yule".

Nilidhani nimeshafika chini kabisa ya shimo. Kumbe nilikuwa bado nachungulia.

Nikasukuma mlango.

Don Régulo alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, amenipa mgongo. Hakugeuka, maana mwenye pava hatazamwi usoni. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua mbegu ya tumbusi, ile nyeusi yenye jicho, kinga ya nuksi, ambayo kwetu hata madaktari huitundika kwenye funguo za gari.

Nikamwamkia. Akaujibu ukuta. Nikamuuliza mashine ya barafu ina shida gani.

"Mashine ni nzima," alisema. "Mbovu ni wewe. Simama hapo hapo, usinisogelee."

Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayeungama kwa padri asiyemwamini. Ilianza Desemba. Alikuwa katikati ya mechi, amekwama, hajui amtoe mrushaji wake au amwache. Kutoka juu akasikia sauti yangu ikinguruma kwamba amwache. Akamwacha. Mpira uliofuata ulipigwa ukavuka ukuta, ukavuka barabara, ukaingia kwenye duka la viatu. Siku nyingine akakwama tena, akanisikiliza tena, tukapigwa tena. Mara ya tatu akanisikia vizuri kabisa, halafu akafanya kinyume. Tukashinda.

Tangu siku hiyo, alisema, hajaamua jambo lolote kwa kichwa chake.

"Ukisema mtoe, namwacha. Ukisema aibe kituo, namfunga kamba. Ukisema Asdrúbal aupige mpira kwa nguvu zote, namwamuru auguse tu mpira. Na tunashinda, Marcano. Tuko fainali kwa mdomo wako."

Ndugu msomaji, kaa chini ufikirie. Mtu huyu nimemwita kichwa malenge mbele ya watoto wa shule. Nimesusa kula kwa sababu Asdrúbal, dume letu linaloweza kuupeleka mpira Trinidad, ameamrishwa auguse kama anayepima joto la pasi. Nimelia kwa maamuzi ya Don Régulo kuliko nilivyolia kwenye mazishi ya shangazi yangu. Kumbe kila upumbavu uliotoka kwenye benchi lile ulikuwa akili yangu mwenyewe, imegeuzwa ndani nje kama soksi. Kadiri nilivyopiga kelele za busara, ndivyo alivyofanya wazimu. Kadiri alivyofanya wazimu, ndivyo nilivyopiga kelele.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wazimu ulikuwa unatupa ushindi.

Nikamuuliza sasa anataka nini kwangu. Akasema kiti changu juu ya benchi lake nisikihame mpaka fainali iishe, na nipige kelele kama kawaida, kitu kilicho moyoni hasa, bila kuchuja. Nisikose mechi. Nisikauke sauti.

"Na nikiugua?"

Hapo akageuza kichwa nusu, kama kuku anayemtazama mwewe.

"Mkweo anarusha kesho," alisema. "Nadhani utapona."

Nilitoka pale nikiwatabasamia walinzi wa lango kama fundi aliyemaliza kazi.

Mkwe wangu ni Wilkerman Rondón, mume wa Yusmary, binti yangu wa pekee. Ni kijana mrefu, mpole, mwenye haya. Akirusha, mpira husikika kabla ya kuonekana. Msimu huu wakala kutoka Marekani amekuwa akimfuata kila mechi, mzee wa kofia nyeupe anayekaa nyuma ya wavu na kutafuna bila kumeza. Fainali ikiisha, mkataba unawekwa mezani.

Ila kiwiko cha Wilker kilikuwa kinakufa.

Yusmary ndiye aliyegundua, alipomwona anachana nywele kwa mkono wa kushoto. Halafu kijiko kikahamia kushoto. Halafu kikombe. Alipombana sana, Wilker akakiri, akatuapisha mimi na Yusmary mbele ya picha ya Bikira kwamba hatutasema kwa mtu yeyote. Wakala akijua, mkataba hakuna. Kiwiko kikikatika, mkono hakuna. Alichohitaji ni kitu kimoja tu: arushe kidogo, atolewe mapema kwa heshima, msimu uishe, apumzike kimya kimya.

Kumwomba Don Régulo amtoe mrushaji mapema ni sawa na kumwomba mbuzi arudishe majani. Lakini sasa mimi nilikuwa na usukani wa mbuzi.

Jumatano nikakaa kwenye kiti changu. Chuíto, jirani yangu anayepiga ngoma jukwaani, akasogea mbali kidogo na kugusa mbao ya ngoma yake, kwa adabu, kama anayejikuna. Mechi yetu ina awamu tisa. Ilipofika ya tano, tukiwa tunaongoza na Wilker akirusha kama malaika, nikasimama nikajaza kifua.

"Mwache Wilker. Mwache mpaka mwisho."

Don Régulo akachomoka kwenye benchi kama aliyekalia siafu. Akapanda kilima cha mrushaji, akamnyang'anya Wilker mpira, akamtoa.

Uwanja mzima ukamzomea. Mimi nikakaa chini taratibu. Marehemu mke wangu, Mungu amlaze, hakuwahi kunitii upesi namna ile hata siku moja.

Mrushaji aliyeingia akapigwa kushoto, akapigwa kulia, uongozi wetu ukayeyuka, tukafungwa. Ushindi wa mechi za fainali ukawa sawa kwa sawa, na Jumapili ikawa ndiyo siku ya kuamua bingwa. Mji ukalala ukimtukana Don Régulo. Mimi, niliyeifungisha timu yangu kwa maneno mawili, nikapewa bia na watu walioiweka chini na kukimbia.

Nyumbani Wilker alinikumbatia kwa mkono wa kushoto. "Baba, uwanja mzima ni wewe tu uliyenitetea," alisema, na macho yake yakalowa. Nikampigapiga mgongoni nikitazama dari.

Yusmary hakunikumbatia. Alisubiri mumewe aingie kuoga, akaniwekea arepa, mkate wetu wa mahindi, mbele yangu kwa kishindo.

"Unajua mkono wake ulivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua, na bado unasimama mbele ya watu unataka abaki. Baba, wewe ni mzima?"

Ningenyamaza. Ningepaswa kunyamaza. Lakini macho ya binti yako yakikutazama kama unavyotazamwa na mji mzima, moyo unalegea. Nikamnong'oneza yote, chumba cha barafu, mbegu ya tumbusi, kinyume cha kinyume.

Akazima jiko. Hakucheka hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu: kocha akigundua, itakuwaje?

Nikamwambia hawezi kugundua. Nilimwambia hivyo nikitafuna.

Ijumaa wakatangaza mrushaji wa Jumapili. Wilker. Hajapumzika, mkono haujapoa, na wapo warushaji wengine wazima wanaonenepa kwenye benchi. Redioni wachambuzi walikasirika mpaka mmoja akakohoa hewani. Wilker akasema ni heshima. Alisema hivyo akijaribu kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja.

Jumapili mchana jua lilikuwa la kukaangia mayai. Langoni watu walikuwa wanagombania empanada, sambusa zetu za nyama ya papa. Sisi ndio timu pekee ninayoijua ambayo mashabiki wake huila kabla ya mechi. Ngoma zinalia, wasichana wanacheza juu ya viti, wauza bia wanakanyaga miguu ya watu. Yusmary alikuja kukaa nami. Hajawahi. Alisema hawezi kuangalia peke yake.

Timu zilipokuwa zinajinyoosha, Don Régulo akaja mpaka chini ya kiti changu, akainama kufunga kiatu. Kiatu kilikuwa kimefungwa.

"Jumatano ulinidanganya," alikiambia kiatu. "Ulisema abaki, nikamtoa, tukapigwa. Pava haikosei, Marcano. Kwa hiyo ulichosema sicho ulichokitaka. Ulikuwa unataka atoke."

Nikajifanya namtafuta muuza bia. 

"Kwa nini ulitaka atoke, sijui. Ila leo nitakutazama vizuri, nijue lini ni moyo na lini ni mdomo."

Akaondoka. Yusmary akaniuliza amesema nini. Nikamwambia anasema jua kali.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu, na mimi shuleni hesabu ilinitoa machozi. Nikisema mtoe, akaamini linatoka moyoni, atamwacha. Nikisema mtoe, akaamini nadanganya, basi ataona moyo wangu unataka abaki, na atamtoa. Nikisema mwache, ni hivyo hivyo kwa upande wa pili. Yote yalitegemea atakavyousoma uso wangu, na uso wangu mimi ni wa fundi friji, hata mteja akiuliza bei hujulikana nimeongeza.

Nikaamua jambo ambalo sijalifanya tangu kubatizwa. Nikafunga mdomo.

Awamu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Chuíto akaacha kupiga ngoma, akanitazama kwa upande. "Kaka, umekufa au umeokoka?" aliuliza. Nikamwonyesha koo. Akasogea mbali zaidi, maana pavoso anayenyamaza labda ni mbaya kuliko anayesema. Hakuna aliyekuwa na uzoefu.

Na kule chini, ajabu. Don Régulo alikuwa anainua macho kwangu kila baada ya muda, hapati kitu, anageuka, anakuna kichwa, halafu anafanya uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Asdrúbal akaruhusiwa kupiga. Akaupiga mpira ukatokomea. Mkimbiaji mwepesi akaruhusiwa kuiba kituo. Akaiba. Msimu mzima nilikuwa nimelilia besiboli ya namna hii, na ilikuja siku ambayo siwezi hata kushangilia.

Tukaongoza kwa mkimbio mmoja. Wilker alikuwa anarusha vizuri. Vizuri mno. Nilipomtazama Yusmary niliona amekunja ngumi mapajani na anapumua kila mumewe anapoachia mpira tu.

Awamu ya saba mkono ukaanza kusema. Alikuwa anafuta kiganja kwenye suruali baada ya kila mrusho, nami nilijua hafuti jasho, anaficha vidole vinavyotetemeka. Mpira uliokuwa ukisikika kabla ya kuonekana sasa ulikuwa unaonekana, unasubiriwa, unapigwa. Mdakaji akamfuata kilimani, wakaongea wameziba midomo kwa glavu. Wilker akatikisa kichwa kukataa. Mdakaji akarudi akitembea kama anayetoka kumwona mgonjwa.

Ya nane, wapinzani wakaweka watu kwenye vituo viwili. Na aliyekuwa anakuja na gongo lake alikuwa yule mnene wao, ambaye Jumatano alitutia msiba.

Pembeni kwetu, mrushaji wa akiba alikuwa ameshapasha mwili, anaruka ruka. Hapo hata mlevi aliyelala chini ya kiti angeamka akasema mtoe Wilker. Jukwaa zima lilikuwa linasema hivyo.

Don Régulo akatoka kwenye benchi mpaka mstarini. Akasimama. Akainua uso wake wote, si nusu, akanitazama machoni.

Alikuwa ananisubiri.

Watu wakafuata macho yake. Ngoma ikakatika. Safu moja baada ya nyingine wakageuka, na nikasikia vidole vikigonga mbao, tok, tok, tok, jukwaa zima kama mvua inayoanza kwenye bati. Walikuwa wamenizoea kama nuksi ya mtaani. Sasa waliona kocha wao, kwenye mechi ya ubingwa, anasubiri ruhusa kwa Yule.

Niliuma meno mpaka taya likaniuma. Nilijiambia, Eleuterio, usipompa neno, itabidi atumie ubongo wake, na leo ubongo huo umefanya kazi. Nikatazama viatu vyangu. 

Nilipoinua macho, nikaona mkono wa Don Régulo unaanza kupanda. Taratibu, kutoka kwenye nyonga, kuelekea kule kwa mrushaji wa akiba. Alikuwa ameshaamua. Alikuwa anamtoa. Ulifika kiunoni, ukapita kiunoni.

Yusmary akasimama.

Sikuwahi kumshika. Hakuona mkono ule. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Mtoe, Don Régulo," alisema. "Kiwiko chake kimeharibika. Anawaficha tangu Januari. Mtoe, nakuomba."

Hakupiga kelele. Haikuhitajika. Uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba hata wauza bia walimsikia. Na alipotaja kiwiko, alijishika chake, kwa hiyo hata mzee wa kofia nyeupe, ambaye Kihispania chake ni cha kuagizia chakula tu, alielewa. Akaacha kutafuna. Akavua miwani, akaipangusa, akaiweka mfukoni.

Mkono wa Don Régulo ulisimama hewani.

Alimtazama Yusmary. Kisha akanitazama mimi. Kisha Yusmary tena. Ana pua yangu binti yangu, na paji langu la uso, na sauti yake, wamesema tangu utotoni, ni yangu iliyooshwa. Niliona midomo ya kocha ikitembea bila sauti. Nilisoma maneno yale kama yameandikwa ukutani.

Binti yake. Damu yake.

Mkono ukashuka. Don Régulo akaenda kwenye nguzo ya mbao ya benchi, akaigusa kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo kama anayesali. Halafu akakaa chini, akapachika mguu mmoja juu ya mwingine.

Mrushaji wa akiba akaacha kuruka.

Yusmary akanigeukia. Hakuwa anaelewa. Aliniuliza kwa nini amekaa, baba, nimemwambia ukweli, kwa nini amekaa. 

Kule kilimani Wilker alikuwa amesimama na mpira ndani ya glavu. Alikuwa amesikia. Alitazama juu, nikadhani anamtazama mkewe, lakini macho yalikuwa yametua kwangu.  Kijana ambaye hajawahi kuingia nyumbani kwangu bila kuvua kofia alinitazama kama mtu anayehesabu ni nani waliokuwa chumbani siku ya kiapo.

Kisha akatugeuzia mgongo. Akamkabili yule mnene. Mdakaji akampa ishara ya mrusho wa taratibu. Akakataa. Akampa nyingine. Akakataa hiyo pia. Niliufahamu mrusho alioutaka, ule wa nguvu zote, ule wa kuwaonyesha watu kwamba mkono ni mzima.

Ndipo nikasimama nikafoka. Nilifoka kwa pumzi yangu yote, na haki ya Mungu sikumbuki kama nilisema mtoe au nilisema mwache. Don Régulo hakugeuka. Alikuwa ameshapata neno alilolitaka kwenye familia yetu.

Wilker akainua mguu, akanyoosha mkono nyuma, akarusha.

Yule mnene hakulizungusha gongo lake. Mdakaji alisimama kabla mpira haujamfikia, akaitupa glavu chini, akavua kofia yake ya chuma na kuanza kukimbia, na hakuwa anaukimbilia mpira, alikuwa anamkimbilia Wilker kilimani.